Digadi la Kushoto

Msiniulize kama nilikuwa nimelala, wala msiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Tembo sijapata kulionja maishani mwangu, na ndoto za usingizi wa mchana nazijua zilivyo. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, jua la utosi, siku ya Ijumaa, ndani ya banda langu la kazi pale Changamwe, kwenye njia ya kwendea Chaani. Wako wanaonisikiliza wakatikisa kichwa, na wako wanaonicheka. Anayecheka na acheke. Mimi ndimi niliyemgusa.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mabodi ya magari. Siku hizi gari likigongwa, mtu hwenda dukani akanunua kipande kipya, akakifunga kwa skurubu, naye akajiita fundi. Fundi wa nini? Enzi zile, nasema mwaka wa hamsini na nane, gari la zamani likiharibika bodi hakukuwa na duka wala meli ya kukuletea jingine. Palikuwa na bati, mkasi, nyundo ya mti, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, na mkono. Nasema mkono kwa sababu jicho hudanganya. Jicho likiona bati linang'aa hudhani limenyooka. Kiganja ukikipitisha polepole, macho umefumba, kitakwambia hapa pana bonde la unene wa karatasi. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa hakikosei, nami nilijua hakikosei, na kila mwenye gari kuanzia Likoni mpaka Kisauni alijua. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Ngojeni muone kujisifu kulinifikisha wapi.

Asubuhi moja mapema akaja Bwana Athmani. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja nilichojenga banda langu, mtu wa minazi mingi na maneno ya upole. Alikuwa na gari lake la kabla ya vita, la wazi juu, lenye madigadi marefu yaliyopanda juu ya magurudumu ya mbele yakateremka mpaka mlangoni. Halikutoka ovyo gari lile. Lilikuwa gari la arusi, ukiliona njiani ujue ndani mna bwana arusi. Siku hiyo mbele lilikuwa limefunikwa turubai. Akalifunua. Digadi la kushoto lilikuwa limeraruka pembeni, na katikati limebonyea, bonde la kina cha vidole vitatu.

"Nimegonga ng'ombe usiku, njia ya Miritini," akasema. "Na binti yangu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo. Utaweza?"

Mimi kuulizwa kama nitaweza ilikuwa kama kutukanwa. Nikamwambia litarudi kama lilivyotoka kiwandani.

Sasa sikilizeni vizuri. Marehemu mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na sharti ambalo mafundi wote wa zamani wa huku bara walilishika: chuma kilichogonga mtu hakinyooshwi. Hukatwa, kikatundikwa ukutani mpaka kesi iishe, ndipo ukatengeneza kipya. Wengine walisema ni kwa kuogopa polisi, wengine kwa kumwogopa aliyekufa. Mjomba hakueleza. Alikata tu akatundika. Lakini ng'ombe si mtu, au siyo?

Nikajilaza chini ya gari nilifungue digadi. Pale bati lilipojikunja nyuma ya taa palikuwa pamebanwa kifungo. Kifungo cha shaba, cha shati la kaki wanalovaa watu wa reli, kina uzi wake na kipande cha nguo cha kadiri ya ukucha. Nikakichomoa. Kutazama juu, Bwana Athmani amesimama ananiangalia. Ng'ombe havai shati, hilo halitaki kusoma. Nikatoka nyuma ya banda, nikakitupa kile kifungo kwenye mtaro wa maji machafu, kikazama, nikarudi kazini.

Najua mwaniuliza mbona. Woga ulikuwepo, kiwanja kilikuwa chake na neno lake moja lingenitoa mimi na watoto wangu. Lakini nisiwadanganye, haukuwa woga peke yake. Digadi lile lilikuwa kazi ambayo fundi huipata mara moja katika umri wake, na mimi niliitaka. Niliwaona moyoni watu arusini wamelizunguka gari, wanaulizana nani aliyefanya.

Adhuhuri ya siku ile ile habari zikafika. Karisa, mfanyakazi wa reli aliyekuwa akikaa Chaani na mdogo wake Kazungu, ameokotwa kando ya njia ya Miritini, amekufa, mbavu za upande mmoja zimevunjika. Na jioni iliyotangulia ndugu hao wawili walikuwa wametetana mbele za watu, kwa kuwa Karisa hakufika kwenye matanga ya mama yao. Kazungu alisikika akisema, "Nitakuvunja mbavu wewe." Ni ndugu gani wasiotishana? Lakini mbavu zilipokutwa zimevunjika kweli, polisi walimchukua Kazungu palepale, na mtaa mzima ukasema kampiga kakaye kwa rungu.

Mimi nilijua ni uongo. Nilijua nikiwa nimeshika nyundo.

Ile sehemu iliyoraruka niliikata, vipande nikavitupa na vyuma chakavu. Nikachukua kigezo upande wa kulia kwa karatasi za mifuko ya saruji, nikakigeuza, nikakata bati jipya, nikalipiga juu ya mfuko wa mchanga mpaka likapata tumbo lake, nikaliunga kwa gesi. Ile iliyobonyea ningeweza kuikata vilevile, na ilikuwa rahisi zaidi kuikata. Ningalikata ningalibaki nayo. Lakini chuma cha zamani kilikuwa kizuri, nikaona ni aibu fundi kama mimi kukishindwa. Basi nikalipasha moto mahali padogo, nikalipoza kwa tambara la maji, nikapiga pole, nikapapasa, nikarudia. Siku nane nilipambana na bonde lile. Na kila asubuhi ya siku hizo mke wa Kazungu alipita mbele ya banda, kikapu mkononi, ampelekea mumewe chakula kituoni. "Habari za kazi, fundi?" ananiuliza. Nami namjibu, "Njema, mama."

Ijumaa ikafika. Pale kwetu adhana ya Ijumaa ikilia nyundo huwekwa chini, hata za wasiosali. Omari, mpaka rangi aliyefanya kazi nami, akatia udhu akaniambia, "Twende, fundi." Nikamwambia atangulie, nimebakisha mapigo machache. Sikuwa nimebakisha hata moja. Digadi lilikuwa limekwisha, nami nilitaka tu kukaa nalo peke yangu.

Mtaa ukanyamaza kama unavyonyamaza saa ya khutuba. Digadi nililiweka mezani, nikafumba macho, nikapitisha kiganja toka mwanzo mpaka mwisho. Safi. Nikarudia. Safi. Ndipo nikasikia mtu anasema, "Hodi, fundi."

"Karibu," nikajibu, macho sijafumbua.

"Nina kitu changu kimebonyea."

"Kilete nikione. Lakini kazi mpya ni mpaka Jumatatu."

"Nimekuja nacho."

Nikafumbua macho. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kaki, mkono mmoja kaubana ubavuni kama mtu mwenye kichomi. Hakuwa na kitu cha kutisha. Nilimtazama miguu kwanza, maana sote tulikuzwa tukiambiwa ukikutana na usiyemjua mahali pa upweke mtazame miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato za jini, ndani ya viatu vya kazi. Ila jua lilikuwa kali na njia yote ni vumbi, na viatu vile vilikuwa vimelowa umande, vina majani yamegandamana juu yake.

Hakungoja kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wangu wa mchanga, ule mkubwa niliouweka juu ya gogo, akajilaza juu yake kama mimi ninavyolilaza bati. Kisha akauondoa mkono ubavuni. Shati lilikuwa limepungua kifungo kimoja.

"Tazama kwa mkono," akaniambia. "Si wewe usemaye jicho hudanganya?"

Niaminini, sikutaka. Nilitaka kutoka nikimbie mpaka msikitini bila viatu. Lakini mkono ulikwenda wenyewe, mkono wa miaka ishirini ya kazi, kiganja kikashuka juu ya lile shati. Hapakuwa na joto la mtu. Palikuwa na baridi ya bati lililolala nje. Na chini ya kiganja palikuwa na bonde. Kina cha vidole vitatu, ukingo mkali juu, halafu mteremko mrefu kuelekea mgongoni, na katikati kivimbe kidogo kama kunde. Nililijua. Siku nane nililipapasa bonde lile, nalijua kuliko uso wa mke wangu. Nilikuwa nimeliondoa kwenye digadi, na hili hapa.

"Lile la gari umeliondoa," akasema taratibu, wala hakuwa na hasira. "Hakuna atakayeliona tena. Basi na hili langu liondoe, fundi. Mbavu zangu zikiwa nzima, mdogo wangu atarudi nyumbani."

Nikataka kutaja jina la Mungu, ulimi ukagoma. Nikamjibu neno ambalo mpaka leo naona haya kulitaja. Nilimwambia, "Siwezi. Mimi nanyoosha magari tu."

Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaukandamiza palepale bondeni, akaushikilia. Sikuumia. Nilisikia huzuni, huzuni nzito ya mtu mwingine, inapanda kwa mkono mpaka kifuani, nikaanza kulia kama niliyefiwa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nikasikia kikohozi cha Omari njiani, nikageuka. Nilipotazama tena hapakuwa na mtu. Mchanga wa mfuko ulikuwa umeingia ndani, umbo la bega na nyonga.

"Fundi, mbona umekaa chini?" Omari akaniuliza. Nikamwonyesha mfuko. Akautazama, akautikisa mchanga ukajaa sawasawa, akasema, "Joto hili. Kunywa maji."

Mwadhani niliinuka nikaenda kituoni? Mtu mwema angekwenda. Mimi nilimwachia Omari digadi alipake rangi. Nikajiambia kwamba ni joto, kama alivyosema. Nikajiambia mengi.

Jumapili gari likatoka, jeusi, linameremeta, limefungwa maua. Wanawake wakapiga vigelegele. Na walilizunguka kweli, kama nilivyotaka, na waliulizana nani aliyefanya, na Bwana Athmani akanishika bega mbele ya wageni wake akasema mikono yangu haina mfano. Nilikuwa nimekwisha kugundua kitu lakini nikijikataza kukiamini. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa hakisikii tena kitu kilichonyooka. Nilishika ukuta wa nyumba ya arusi, nikasikia bonde. Nikashika kiti, bonde. Nikashika sahani ya pilau, bonde lile lile, na kunde yake katikati. Nikaiweka sahani chini nikaenda zangu.

Nyumbani nikampakata mwanangu wa mwisho, alikuwa na miezi minne, kichwa chake kikakaa kiganjani mwangu. Nikasikia bonde kichwani mwa mwanangu. Nikapiga ukelele, mke wangu Mwanaisha akaja mbio, akampapasa mtoto kichwa chote, mtoto mzima hana kitu. Ndipo nikamweleza yote, tangu kifungo. Mwanaisha hakunifokea. Aliketi akanisikiliza, halafu akasema, "Asubuhi utakwenda kusema. Tukifukuzwa, tutafukuzwa. Yule mwanamke kila siku namwona akipita na kikapu."

Jumatatu nikaenda. Inspekta alinisikiliza mpaka mwisho, siwezi kusema hakunisikiliza. Tukafuatana naye mpaka kwa Bwana Athmani, naye akatufungulia banda la gari bila wasiwasi. Alikubali kwamba alimgonga ng'ombe, akakubali kwamba mimi nililitengeneza. Inspekta akainama, akapitisha mkono juu ya digadi, mbele mpaka nyuma, nyuma mpaka mbele.

"Nionyeshe huo mbonyeo," akaniambia.

Nikapitisha mkono wangu. Kila mahali palikuwa na bonde. Nikasema, "Hapa. Na hapa. Na hapa." Wakatazamana.

"Na kifungo kiko wapi?"

Nikamwambia kiko mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro umekwisha kusafika mpaka baharini.

"Maskini, kazi imemchosha," Bwana Athmani akasema, na aliyasema kwa huruma. Ningaliifanya vibaya kazi ile, jamani! Ningaliacha hata mkunjo mmoja, hata kovu la nyundo. Mjomba wangu angalikata akatundika, na kile kipande kingalisema chenyewe mbele ya hakimu, kimo chake, umbo lake, kwamba hili si la ng'ombe wala si la rungu. Mimi nilikinyamazisha kwa ustadi wangu.

Nilitoa ushahidi mahakamani vilevile. Nilisema juu ya kifungo, na nilipoulizwa kwa nini sikusema mapema, nikaeleza na yule mgeni wa Ijumaa. Watu wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Kazungu, aliyekuwa kizimbani. Aliinua kichwa akanitazama. Akahukumiwa miaka saba.

Bwana Athmani hakunifukuza. Afadhali angalinifukuza. Alinisifu kila alikokwenda, akaniletea watu na magari yao, nami siwezi tena kunyoosha hata sufuria, maana kiganja chanidanganya kila mahali. Nikahama mwenyewe, tukaenda Kisauni, nikawa mchukuzi, baadaye mlinzi wa ghala. Nyundo zangu nilimpa Omari.

Kazungu alitoka baada ya miaka mitano, amepunguziwa miwili, siku zile watu wakitundika bendera na makuti ya kupambia uhuru. Nilikaa wiki nzima najitafutia sababu za kutokwenda. Mwishowe nikavuka, nikaenda Chaani, nikabisha. Mkewe akafungua, akanitambua, akanipisha. Kazungu alikuwa ameketi kitandani, amekonda, mvi zimemjaa. Nilianza kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono.

"Waliposema umerukwa na akili mimi nilikuamini," akasema. "Nataka kukuuliza jambo moja. Miaka mitano nalisubiri. Alipokujia, alikuwa na hasira na mimi?"

Nikakumbuka kwamba neno la mwisho alilomwambia kakaye lilikuwa lile la mbavu. Nikamwambia kweli tupu. "Hakuwa na hasira. Alisema anataka mdogo wake arudi nyumbani."

Akainamisha kichwa, akalia, na mimi nikalia. Baadaye akaniuliza kama bado nalisikia lile bonde. Nikamwambia nalisikia, halikuondoka hata siku moja. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akakiweka kiganja shavuni pake, akafumba macho, akakaa hivyo.

"Kukusamehe sijakusamehe," akasema. "Lakini usiache kuja."

Sikuacha. Nilikwenda kila mwezi mpaka alipofariki, na kila mara alikitaka kiganja hiki, akakiweka shavuni. Sasa amekwenda, mkewe amekwenda, Bwana Athmani naye tulimzika kwa heshima zote. Nimebaki mimi na hili bonde. Wajukuu wangu sijawahi kuwashika vichwa kwa mkono wa kushoto.

Wewe unayenisikiliza huenda si fundi wa mabodi. Haidhuru. Siku moja utaletewa kitu kilichoharibika, utaambiwa maneno mazuri, utapewa nafasi ya kuonyesha unavyoweza. Kabla hujainua nyundo, uliza kimegonga nini. Na ukikuta kifungo, usiende kukitupa mtaroni. Toka nacho mkononi, mchana, watu wakikuona, useme siku ile ile.